Hoteli ya wikendi Thika ama Ruiru: chagua mahali kwanza, pesa itume baadaye

Wengi wetu tukitafuta hoteli tunaanza na bei. Tunaingia mtandaoni, tunapanga kutoka ya chini kwenda juu, tunachagua ile yenye picha safi, halafu tunatuma dipoziti. Mahali hoteli ilipo tunakuja kupajua tukiwa tayari juu ya boda, saa mbili usiku, begi mgongoni na mtoto katikati. Kwenye barabara ya Thika mpangilio huo unaweza kukutoa pesa mara mbili: mara ya kwanza kwa chumba, mara ya pili kwa nauli za kwenda na kurudi ambazo hukuwa umezihesabu. Na kuna mara ya tatu, ambayo ni mbaya zaidi: dipoziti inaenda kwa mtu ambaye hana chumba hata kimoja.

Kazi yetu sisi ni malipo, vyumba hatuuzi, kwa hivyo hatuna hoteli ya kukusukumia. Lakini malipo ya hoteli yanaharibika mapema, kabla hata hujafungua menyu ya simu. Yanaharibika pale unapokubali kulipia mahali usipopajua. Makala hii inaanzia hapo.

Kwanza, neno lenyewe. Kwetu Kenya "hoteli" inaweza kuwa jengo la ghorofa sita lenye lifti, na inaweza kuwa pia pale unapokunywa chai na mandazi ukisubiri matatu. Ukimuuliza mtu wa boda akupeleke "hoteli nzuri" Ruiru, usishangae akikushusha kwa mama wa matumbo. Sema unatafuta pa kulala.

Unaenda kufanya nini hasa?

Swali hili linaonekana la kitoto, ila ndilo linaloamua kila kitu. Thika na Ruiru zote ziko Kaunti ya Kiambu, zote ziko kando ya barabara moja, na mtu wa mbali huziona kama kitu kimoja. Ruiru iko kilomita ishirini na kitu kutoka katikati ya Nairobi. Thika ni zaidi ya arobaini. Katikati yake kuna Juja. Ukilala Ruiru na shughuli yako iko Thika, kila asubuhi unasafiri upya.

Tuseme mnakuja kwa mahafali ya mtoto. Hii ni moja ya sababu kubwa za familia kulala huku, kwa sababu vyuo vikuu vitatu vikubwa viko kwenye mstari huu mmoja, na kila kimoja kina mji wake. Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa, kabla hujafika Ruiru ukitoka Nairobi. JKUAT iko Juja. Mount Kenya University iko ndani ya mji wa Thika, barabara ya General Kago, jirani na Hospitali ya Thika Level 5. Watu husikia "chuo cha Thika Road" wakalipia hoteli Thika, kumbe mtoto anafuzu Kahawa. Angalia kadi ya mwaliko, soma jina la kampasi, ndipo utafute chumba: wa Kenyatta atafute Ruiru ama Kahawa Sukari, wa JKUAT atafute Juja penyewe, wa MKU atafute Thika mjini, pale ambapo anaweza kutembea kwa miguu akiwa amevaa viatu vya sherehe.

Jambo lingine la mahafali: mara nyingi sherehe huwa siku ya kazi, hasa Ijumaa. Kwa hivyo usiku unaohitaji sana ni wa Alhamisi, siyo Jumamosi. Na wiki hiyo wazazi wa wanafunzi maelfu wanatafuta vyumba vilevile. Hapo ndipo bei hupanda, na hapo ndipo matapeli huamka.

Kama safari ni ya kupumzika, kuna mambo mawili ambayo watu hufuata Thika: maji na mlima. Maporomoko ya Chania na ya Thika yako pembezoni mwa mji, na Blue Post Hotel, iliyoko hapo tangu 1908, ndiyo inayoyatazama. Ukitaka kuamka na sauti ya maji, lala hapo. Ukitaka tu kuyaona na kupiga picha, unaweza kwenda kula chakula cha mchana na kurudi kulala kwingine. Ni karibu kilomita mbili kutoka katikati ya mji, boda ni dakika chache.

Fourteen Falls ni habari nyingine kabisa, na hapa watu wengi hupotea. Jina lake hutajwa pamoja na Thika kila mara, mtu akadhani ni pale pale. Siyo. Ni kwenye Mto Athi, unafuata barabara ya Garissa hadi Kilimambogo, kisha unaingia ndani. Jirani yake ni mlima wa Ol Donyo Sabuk, ambao wenyeji wanauita Kilimambogo, wenye urefu wa mita 2,145, na mbuga yake ya taifa. Kama hiyo ndiyo safari yako, hoteli iliyo upande wa barabara ya Garissa, yaani Makongeni ama Landless, inakuokoa kuvuka mji mzima asubuhi. Anayelala Ruiru kwa sababu "ni karibu na Thika" atakuwa na safari ndefu kabla hajaona tone la maji. Msimu pia unahesabika: wakati wa mvua maji ni mengi, mazito na ya rangi ya udongo, na wakati wa kiangazi yale maporomoko kumi na manne yanaweza kuwa machache. Msimu wowote, yatazame ukiwa nchi kavu.

Ruiru nayo ina watu wake. Kuna wanaokuja kwa ajili ya Kamakis, ule mstari wa nyama choma na burudani kwenye Eastern Bypass. Kuna wanaokuja harusini Membley ama Kahawa. Na kuna kundi ambalo halifikiriwi sana: wenye ndege. Eastern Bypass inatoka Ruiru na kwenda kutokea Mombasa Road, karibu na njia ya kuingia JKIA. Mtu anayetoka Nyeri, Meru ama Embu na ana ndege alfajiri, akilala Ruiru karibu na bypass haingii kabisa kwenye msongamano wa katikati ya Nairobi. Huyo asitafute hoteli mjini Ruiru, atafute ile iliyo karibu na makutano ya bypass. Ila aulize habari ya kelele kwanza. Kamakis Ijumaa usiku hailali, na wewe una kengele ya saa tisa.

Upande upi wa barabara?

Hili ndilo jambo ambalo ramani ya simu haikuelezi vizuri, na tungependa ulichukulie kwa uzito.

Thika Superhighway ilizinduliwa rasmi mwaka wa 2012. Ni barabara ya mwendo kasi, ina kingo katikati, na huwezi kuvuka popote unapotaka. Mtu wa miguu anavuka kwa daraja la juu. Gari linavuka kwa njia ya chini ama kwa kwenda mbele hadi pa kugeukia. Kwa hivyo hoteli inayoonekana "mita 200 kutoka chuo" inaweza kuwa mita 200 kwa ndege wa angani, na kwa taksi ikawa ni kwenda mbele, kugeuka, na kurudi, kilomita kadhaa. Utamsikia mtu wa boda akisema "nitapita tu hapa." Anamaanisha kupita upande ambao magari yanakuja. Kataa.

Uliza hivi: hoteli iko upande wa magari yanayotoka Nairobi ama yanayoenda Nairobi? Na daraja la miguu lililo karibu liko wapi? Kama mna mzee ambaye magoti yanamsumbua, ngazi za daraja kupanda na kushuka mara nne kwa siku ni jambo la kuamua hoteli. Kama mtakuwa mkirudi usiku, kumbuka kwamba watu wengi hawapendi kupita kwenye daraja peke yao giza likishaingia, kwa hivyo andika taksi kwenye bajeti.

Thika mjini shida hii ni ndogo zaidi kwa sababu mji wenyewe uko kando ya barabara kuu. Ukishaingia kutoka superhighway, mitaa ya katikati kama Kenyatta Highway na Kwame Nkrumah inatembeleka kwa miguu mchana bila shida. Lakini kuna hoteli na BnB zinazojiita za Thika zikiwa Ngoingwa, ambayo iko ng'ambo ya superhighway, ama Makongeni, ama Landless. Si pabaya. Ngoingwa ni mtaa wa makazi, kumetulia, na mwenye gari lake atapapenda. Ila anayetegemea matatu namba 237 kutoka Nairobi, akishuka mjini bado ana safari ya pili mbele yake.

Ruiru ni hivyo hivyo. Matatu za 145 zinaingia hadi mjini. Zile za kwenda Thika zinapita barabara kuu na kukushusha kando ya barabara. Hoteli ikikuambia "shuka Ruiru", uliza: nishuke barabarani ama niingie mjini? Tofauti ya hizo steji mbili ukiwa na masanduku si ndogo.

Bei ya chumba na bei ya wikendi

Tufanye hesabu ya mfano. Namba hizi ni za kuelezea tu, usizichukue kama bei za hoteli yoyote.

Wewe na mwenzako mnalala usiku mbili. Hoteli ya kwanza ni 2,800 kwa usiku, iko mbali na mji, haina kiamsha kinywa. Ya pili ni 3,600, iko mjini, chai ya asubuhi imo. Kwa macho, ya kwanza inakuokolea 1,600 kwa wikendi nzima: 5,600 dhidi ya 7,200.

Sasa hesabu safari. Ijumaa mnafika: safari moja. Jumamosi asubuhi mnatoka, mchana mnarudi: mbili. Jumamosi jioni mnaenda kula, usiku mnarudi: mbili. Jumapili mnaondoka: moja. Jumla sita. Boda ya mchana tuseme ni 100 kwa kila mtu, yaani 200 kwa safari, mara nne ni 800. Usiku mnachukua taksi ya 400, mara mbili ni 800. Ile 1,600 imekwisha, hoteli zote mbili zimefika 7,200. Hamjanywa chai bado. Chai na mayai kwa watu wawili, asubuhi mbili, kwa 250 kila mmoja, ni 1,000 nyingine. Ile ya bei nafuu sasa ni 8,200, na mmechoka zaidi.

Hatusemi kila hoteli ya mbali ni ghali. Mwenye gari, ama familia ya watu sita inayochukua BnB moja yenye jiko na kujipikia, inaweza kuokoa pesa nzuri Ngoingwa ama Membley. Hesabu ndiyo itakuambia. Chukua karatasi, andika safari zote utakazofanya, ndipo ulinganishe.

Kuna pia kodi. Hoteli iliyosajiliwa hutoza VAT ya asilimia 16, na kuna ushuru wa utalii wa asilimia 2. Wengine wanakutajia bei ambayo tayari ina vyote, wengine wanakutajia bei tupu halafu unakutana na tofauti wakati wa kulipa. Ile 3,600 ikiwa ni tupu, inakuwa 4,248 kwa usiku, na usiku mbili ni 8,496. Gesti nyingi ndogo hazijasajiliwa kwa VAT, kwa hivyo bei unayoambiwa ndiyo hiyo. Uliza tu: "Hiyo bei ni ya mwisho, pamoja na kodi?" Ukipanga kudai pesa hizo kazini, omba risiti ya eTIMS mapema, usingoje Jumapili wakati mhasibu wa hoteli yuko kanisani.

Piga simu kabla ya kulipa

Ujumbe wa WhatsApp ni mzuri kwa sababu unabaki kama ushahidi, lakini anza na simu. Sauti ya mapokezi inakuambia mengi: kelele za nyuma, kama anajua bei bila kuuliza mtu, kama anajua njia. Mtu anayefanya kazi pale kweli atakuelekeza kwa alama: "Ukishuka, utaona kituo cha mafuta, sisi tuko nyuma yake, geti jeusi." Tapeli atakuambia tu "karibu na mji, utaelekezwa ukifika."

Baada ya simu, tuma ujumbe kama huu, ubadilishe upendavyo:

"Habari madam. Nataka chumba cha watu wawili kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Bei ya mwisho na kodi ni ngapi? Kiamsha kinywa kimo? Kutoka steji ya matatu nitatembea ama nitahitaji boda, na boda hutoza ngapi? Kuna klabu karibu? Nikighairi kabla ya Alhamisi, dipoziti inarudi? Naomba pin ya ramani na nambari ya Till."

Pin ya ramani, tafadhali. Ile PIN nyingine, ya pesa, hakuna hoteli wala mhudumu wa wateja anayepaswa kuiuliza, hata akikuita kwa majina yako yote matatu.

Swali la klabu usilione dogo. Katikati ya Thika na hata Makongeni, baa ziko chini na vyumba viko juu katika majengo mengi. Hoteli nzuri ina chumba cha nyuma kisichoelekea barabarani, lakini hawakupi usipoomba.

Pia angalia leseni. Hoteli na nyumba za wageni zinasimamiwa na Tourism Regulatory Authority, na ndiyo inayotoa nyota. Mtu akijiita "five star" kwenye Facebook kwa 1,500 kwa usiku, hizo nyota amejivalisha.

Dipoziti: hapa ndipo pesa hupotea

Utapeli wa vyumba hauhitaji ujuzi mwingi. Mtu anachukua picha za nyumba nzuri kutoka ukurasa wa mtu mwingine, anaziweka kwenye Facebook, Instagram ama TikTok na maneno "BnB Thika town, 2,000 per night, secure parking, Netflix", anaweka nambari ya WhatsApp. Unauliza, anakujibu haraka na kwa adabu nyingi. Kisha linakuja neno lenyewe: "Kuna mtu mwingine anaitaka, tuma nusu tukushikie." Unatuma. Ukifika steji unapiga simu, haishikwi. Picha ya WhatsApp imetoweka. Uko Ruiru saa moja jioni na watoto, na pesa ya chumba kingine huna kwa sababu nusu ilishakwenda.

Haraka ndiyo silaha yao. Chumba cha kweli kinaweza kwisha, ndiyo, hasa wiki ya mahafali na wikendi za sikukuu kama Madaraka ama Jamhuri. Lakini hoteli ya kweli itakupa dakika kumi za kupiga simu yao ya mezani na kuangalia ramani.

Angalia unatuma pesa kwa njia gani. Hoteli ama gesti iliyo biashara kwa kawaida ina nambari ya Till ama PayBill. Kabla pesa haijatoka, jina la mpokeaji linatokea kwenye skrini. Lisome. Usibonyeze kwa mazoea kama unavyolipa mboga. Umeambiwa hoteli inaitwa hivi, na jina lililotokea ni la duka la simu ama ni majina ya mtu binafsi? Simamisha, piga simu uulize. Wakati mwingine kuna sababu: biashara imesajiliwa kwa jina la kampuni ya mwenye jengo. Hoteli itakueleza bila kukasirika, na jina hilo utalikuta pia kwenye risiti zao ama kwenye bango la malipo pale mapokezi. Akikasirika, umepata jibu.

Ukilipa kwa Till ya Lipa na M-PESA wewe mteja hutozwi ada. Kwa PayBill inategemea mpango ambao biashara imechagua, wakati mwingine ada ni yako, kwa hivyo acha salio kidogo juu ya kiasi cha chumba. Kwenye sehemu ya akaunti ya PayBill andika kile walichokuambia, iwe ni namba ya bukingi ama jina la mgeni. Ukiandika jina la mtoto na chumba kimeshikwa kwa jina la baba, pesa itafika lakini mapokezi watasema hawajaona kitu.

BnB ni tofauti. Wenye nyumba wengi ni watu binafsi, wanapokea kwa Pochi la Biashara ama kwa nambari ya kawaida, na hilo peke yake si dalili ya wizi. Hapo jina la mwenye nyumba lifanane na jina aliloweka kwenye tangazo. Omba simu ya video akuonyeshe mlango, akitembea kutoka barabarani hadi ndani, siku hiyo hiyo. Mwenye nyumba hilo halimchukui dakika tatu. Asiye na nyumba atakuambia mtandao ni mbaya. Na kama nyumba iko kwenye mtandao wa bukingi unaojulikana, lipia humo humo. Ukiambiwa "tutoke nje ya app nikupunguzie", ulinzi ule umeuacha nyuma.

Njia iliyo salama kuliko zote ni kulipa ukifika, baada ya kuona chumba. Gesti nyingi za Thika na Ruiru zinakubali hivyo wikendi za kawaida, wakijua utafika mapema. Wiki yenye msongamano watataka kitu. Basi toa kidogo, kiasi ambacho kikipotea bado utapata pa kulala. Usiku mzima wa kwanza ni mwingi. Sehemu ndogo yake inatosha kuonyesha nia. Na usikope kwa simu ili kutuma dipoziti ya mahali ambapo hujahakikisha. Mkopo utalipa na ada zake, hata kama chumba hakikuwepo.

Ukishalipa, usifute ujumbe wa muamala. Ule msimbo wa herufi na tarakimu kumi ndio risiti yako ya kwanza. Mtumie mwenye hoteli msimbo huo, naye akujibu kwa maandishi: tumepokea kiasi hiki, kwa chumba hiki, kuanzia tarehe hii hadi hii, baki ni hii.

Umekosea nambari? Fanya haraka. Kwa watumiaji wa M-PESA, sambaza ujumbe ule wa muamala kwenda 456 mara moja. Kumbuka hakuna hakika ya kurudishiwa: aliyepokea akishazitoa, hakuna cha kurudisha. Ukishuku ni tapeli, tuma nambari yake kwa 333 ili ichunguzwe, na upeleke taarifa polisi ukiwa na ule msimbo na mazungumzo yote ya WhatsApp. Baadaye anaweza kupiga mtu mwingine akisema ni wa huduma kwa wateja, anataka kukurudishia pesa, ila kwanza umtajie PIN. Huyo ni yule yule, ama ni rafiki yake.

Pesa ya mfukoni

Boda wengi wa Thika na Ruiru wanapokea kwa simu. Bado, badilisha shilingi mia chache kuwa noti kabla ya kuondoka mjini, hasa ukielekea Kilimambogo. Simu ikiishiwa na chaji, mwenye boda hatakusubiri.

Kwa mbuga ya Ol Donyo Sabuk ni kinyume: KWS haichukui pesa taslimu langoni. Kiingilio kinalipwa kupitia eCitizen, na PayBill ya serikali ni moja, 222222. Tengeneza malipo hayo usiku ukiwa hotelini penye mtandao mzuri, usingoje ufike getini ukaanza kutafuta neti huku watoto wakiuliza nyati wako wapi.

Na Jumapili, angalia saa. Jioni magari yanayotoka Murang'a, Nyeri na Meru yote yanarudi Nairobi kwa barabara hii moja, na foleni hujikusanya kuanzia Githurai. Uliza hoteli saa ya kutoka chumbani. Kama ni saa nne asubuhi na matatu yako ni ya saa nane, uliza pia kama mizigo inaweza kukaa mapokezi bila malipo. Nyingi hukubali, ila mnapoacha begi ombeni kijikaratasi.